Makofi kwenye Gati

*Nyumba za wafanyakazi, nyuma ya bwawa*
*Jumapili, 3 Juni*

Dada yangu wa pekee,

Nimeolewa! Najua unajua. Wewe ndiye uliyenibana zipu ya lile gauni mpaka nikakosa pumzi. Lakini niache niandike tena, maana hapa sina wa kumwambia ambaye hajanichoka: nimeolewa, nimeolewa, nimeolewa.

Usinipigie simu. Simu zetu zote zinalala kwenye sanduku langoni. Wageni hawapendi kupigwa picha wakiwa wamekosa shabaha, kwa hiyo mfanyakazi haingii na simu. Barua inaondoka na lori linaloleta chakula cha samaki, Jumatano na Jumamosi. Ikikufikia inanuka, usiniambie ni mimi.

Sasa nikwambie mahali penyewe. Ni eneo la mtu binafsi, limezungushiwa waya pande zote. Upande mmoja msitu wa kuwinda, upande mwingine bwawa la kuvua. Watu wa mjini wanalipia starehe hiyo: asubuhi wanapiga kanga na swala, alasiri wanavua samaki, kesho yake wanarudi ofisini mashujaa. Dada, kanga wenyewe ni wa bandani! Wanafunguliwa alfajiri, wamenona hivyo, hawaruki, wanatembea. Inabidi watu wawapigie kelele ili waruke wapigwe. Nilicheka mpaka mpishi akaniuliza kama naumwa.

Mume wangu yuko upande wa bwawa. Anasema kazi yake ni kusaidia wavuvi. Wenzake wanamwita Fisi Maji kwa jinsi anavyoogelea. Tumepewa chumba kimoja, dirisha linatazama ukuta wa bwawa. Tuna vikombe viwili na kigoda kimoja, na tunagombania kigoda ili mmoja akose amkalie mwenzake. Samahani. Wewe ni mkubwa, vumilia.

Unakumbuka uliniambia, "Wewe Kasuku, hajazaliwa mwanamume wa kukusikiliza mpaka mwisho wa sentensi"? Amezaliwa! Nikianza kuzungumza anaweka kijiko chini. Ananigeukia mwili mzima na kunitazama midomo. Si macho, Dada. Midomo! Juzi nilikuwa naosha vyombo huku nasimulia, nimempa mgongo. Akaja, akanishika bega, akanigeuza polepole. "Nataka kukuona ukisema," akasema. Sahani ilinitoka mkononi.

Kasoro ni mbili tu, tena ndogo. Anarudi kazini mwili wa baridi kama chupa ya soda. Na mto wake asubuhi huwa na doa. Anasema ni kutu inayodondoka kwenye bati. Nimehamisha kitanda.

Mke wa mtu (zoea kuniita hivyo),
Kasuku wako

&nbsp;

*Chumba cha wauguzi, zahanati*
*Alhamisi, 7 Juni*

Mke wa mtu,

Nimesoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nikacheka. Mara ya pili nikavaa miwani.

Umehamisha kitanda. Je, doa limehama? Lina rangi gani? Linanuka? Liko upande mmoja wa mto au pande zote? Akiwa amekupa mgongo ukamwita kwa sauti ya kawaida, bila kumgusa, anaitika?

Usinune. Mimi nafurahi ukifurahi, na kigoda chenu nimekielewa, asante. Lakini nimekaa kwenye zahanati hii miaka mingi, na sijawahi kuona kutu inayomfuata mtu kitandani. Mwanamume anayemtazama mkewe midomo anaweza kuwa anampenda. Anaweza pia kuwa hamsikii.

Nijibu nilichouliza, si ulichotaka niulize.

Dada yako

&nbsp;

*Nyuma ya bwawa*
*Jumapili, 10 Juni*

Dada,

Nilikaa siku nzima bila kukuandikia kwa hasira, na kwangu hiyo ni adhabu kubwa kuliko kwako.

Kwa nini kila kizuri changu lazima ukipime homa? Haya, nikujibu. Nilimwita akiwa amenipa mgongo. Hakuitika. Amechoka, Dada! Mtu aliyetoka kazini ana haki ya kukaa na mawazo yake. Na si mimi peke yangu: juzi kwenye chakula bosi alimwita mara tatu, yeye anatafuna tu. Chumba kizima kikacheka. Mpishi akasema, "Mwacheni bwana harusi, masikio ameyaacha nyumbani." Aliposhtuka kuona watu wanacheka, na yeye akacheka, ila macho yake yalikuwa yananitafuta mimi. Tuseme na hiyo ni ugonjwa?

Doa ni la manjano. Liko pande zote mbili. Umeridhika?

Nikuchekeshe basi, tusigombane. Jana mgeni mmoja mnene aliacha fimbo yake ya kuvulia kwenye gati akaenda kunywa chai. Hakuna mtu hata mmoja karibu na fimbo. Mara, fimbo ikavutwa majini yenyewe! Ilipotolewa, samaki mkubwa ajabu amenasa barabara. Kila mtu akashangilia, isipokuwa bosi. Alikunja uso, akashuka ngazi za gati akiongea kwa ukali na maji, kama kichaa. Samaki amenaswa na mwenye bwawa ananuna! Matajiri siwawezi.

Niombee nisikuchukie.

Kasuku

&nbsp;

*Bwawani*
*Jumatano, 13 Juni*

Shemeji,

Mke wangu hajui kama naandika. Alinisomea barua yako kwa hasira, akitembea huku na huko chumbani, hivyo niliipata nusu. Baadaye nikaichukua nikaisoma mwenyewe. Maswali yako ni ya mtu anayejua, basi nakujibu mimi.

Sisikii. Sikio la kushoto limekufa kabisa, la kulia linasikia vishindo tu. Yanatoa usaha.

Kazi yangu ni hii. Wageni wengi hawajui kuvua, na samaki wa bwawa hili wana akili. Mgeni akiondoka mikono mitupu harudi. Kwa hiyo chini ya gati, ndani kabisa, kuna kizimba cha samaki wakubwa walionunuliwa. Mimi nakaa chini ya mbao za gati, kichwa nje ya maji, mahali pasipoonekana. Mhudumu wa juu akigonga ubao kwa kisigino mara moja, nazama hadi kizimbani, natoa samaki, namtundika kwenye ndoana ya mgeni, narudi. Akigonga mara mbili, najificha. Kule chini ni mbali na ni baridi, na kila nikishuka masikio yanapasuka kwa maumivu. Nilikuwa nashuka mara chache kwa siku. Sasa biashara imekuwa nzuri.

Yule samaki wa mgeni aliyekuwa kwenye chai ni mimi. Nilidhani ubao umegongwa. Ilikuwa ni mtu amedondosha kiti.

Bosi ameahidi msimu ujao atanitoa majini niongoze wawindaji msituni. Akijua sisikii, ahadi imekufa, na chumba tunatoka, maana chumba ni cha kazi.

Naomba mambo mawili. Nitumie dawa ya masikio kwa lori. Na usimwambie. Anadhani namtazama midomo kwa mapenzi. Ni mapenzi pia, Shemeji. Tangu nizaliwe sijawahi kutaka kujua mtu anasema nini kama ninavyotaka kujua anachosema yeye. Nikikosa neno naumia. Usimnyang'anye hilo.

Mume wa mdogo wako

&nbsp;

*Zahanati*
*Jumapili, 17 Juni*

Mdogo wangu,

Keti. Ukishaketi, ndipo usome.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya mumeo. Aliniomba nikufiche nikashindwa. Atanilaumu, na wewe utanilaumu, na mimi nitakaa na lawama zenu nikiwa na shemeji mzima. Isome yote, kisha urudi kwangu.

Umerudi?

Dawa nimetuma, iko kwenye kopo la maziwa. Lakini dawa haiwezi kushindana na lile bwawa. Kiwambo cha sikio lake kimetoboka, tena inaelekea vyote viwili. Sasa nisikilize: kuwa kiziwi si jambo baya kuliko yote. Maji ya baridi yakipenya mpaka ndani ya sikio, mtu anashikwa na kizunguzungu kibaya. Akiwa nchi kavu, anaanguka na kutapika. Akiwa chini ya maji, hajui juu ni wapi. Anaogelea kwa nguvu zake zote kuelekea chini, akiamini anapanda.

Asishuke tena. Hata mara moja. Mpandishe kwenye lori la Jumamosi, mje. Chumba changu ni kidogo lakini nina godoro la ziada, nami nimezoea kelele zako.

Na hiyo ahadi ya msituni! Mtu asiyesikia, katikati ya bunduki za watu wasiojua kulenga! Huyo bosi anaahidi, au anatisha?

Njooni.

Dada yako

&nbsp;

*Nyuma ya bwawa*
*Ijumaa, 29 Juni*

Dada, Dada, Dada,

Nisamehe kwa ukimya. Kwanza nililia. Halafu nikamgombeza mume wangu, uso kwa uso, polepole, ili asikose hata tusi moja. Halafu tukalia wote. Halafu akanieleza kila kitu yeye mwenyewe, na nilipomwambia kwamba hata sasa napenda anavyonitazama, aliniinua mpaka nikagonga kichwa kwenye bati. Sina siri naye tena wala yeye nami. Hiyo ndiyo ndoa, au siyo?

Sasa sikia nilichofanya. Najua utafurahi!

Tatizo lilikuwa kugongwa kwa mbao. Basi nilikwenda kwa bosi, nikamwambia natafuta kazi. Nikamwambia gati lake limepoa, mgeni anavua samaki mkubwa halafu anapigiwa makofi na mhudumu mwenye uso wa msiba. Akacheka. Akasema, "Nionyeshe." Nikapiga kigelegele hapo hapo ofisini, nikaruka, nikapiga makofi, "Jamani, jamani, tazameni samaki!" Akanipa kazi papo hapo. Sasa natembeza sharubati kwa wageni, na samaki akinaswa nashangilia mpaka sauti inanikauka. Wageni wanapenda ajabu! Wengine wanavua mara ya pili ili nishangilie tena.

Lakini hiyo ndiyo sababu ya bosi. Yangu ni hii: kati ya mbao mbili pana upenyo. Nimepitisha kamba nyembamba ya nailoni, ncha moja kwenye kifundo cha mguu wangu chini ya sketi ndefu, ncha nyingine kwenye mkono wa mume wangu. Mhudumu akigonga ubao, mimi navuta: mara moja, atundike samaki. Mara mbili, ajifiche. Mara tatu, apande juu. Na yeye kila akipata neno langu anavuta kidogo kunijibu. Dada, ungekuwepo! Nimeshika trei, watu wanaongea mambo ya biashara zao, na mguuni kwangu mume wangu ananiambia "ndiyo, mpenzi" bila mtu kujua. Kila akivuta nasisimka mwili mzima. Mgeni mmoja aliniuliza kwa nini natabasamu peke yangu.

Hakosei tena. Bosi amemsifu mbele ya watu, amesema Fisi Maji ameamka. Msimu unakaribia kwisha. Akishapelekwa msituni nitamfuata huko pia, nitakuwa masikio yake, nimekwisha kumwambia. Dawa yako anaitumia, doa limepungua. Kizunguzungu anasema kimempata mara moja tu, kikapita.

Usikasirike. Nipongeze hata kidogo.

Kasuku, mwenye kazi

&nbsp;

*Zahanati*
*Jumanne, 3 Julai*

Mdogo wangu,

Sikasiriki. Nimemsomea mwenzangu wa zamu barua yako, tukafika kwenye bati na kichwa chako, tukacheka hadi wagonjwa wakachungulia. Ningependa mtu anipende hivyo. Nimekupongeza, umesikia? Kwa moyo mweupe.

Sasa nikuulize jambo moja kuhusu kamba yako. Inapeleka neno chini vizuri. Je, yeye akizidiwa kule, atakwambiaje? Mtu aliyeshikwa na kizunguzungu havuti kamba kwa hesabu. Anajisokotea. Umeandika "kimempata mara moja tu, kikapita." Sentensi hiyo imeninyima usingizi kuliko zote ulizowahi kuandika, na umeandika nyingi.

Nimehangaika wiki nzima na nimempata daktari wa masikio. Atamwona Jumatatu, tarehe 9. Ni mpole, ana kifaa cha kuandikia ili wagonjwa wasome, hatamwaibisha. Amesema masikio yaliyotoboka mara nyingine huzibwa. Unaelewa? Huenda akakusikia tena. Huenda akajutia, lakini hilo ni shauri lenu.

Bosi mwambieni chochote. Semeni mimi ndiye mgonjwa. Semeni nimekufa, nitawasamehe. Lori la Jumamosi, wote wawili. Nimeazima kitanda kikubwa kwa mwenye nyumba, tumekiingiza kwa kukiinamisha, sasa mlango haufunguki vizuri na mimi napita kwa ubavu. Nawasubiri.

Dada yako

&nbsp;

*Nyuma ya bwawa*
*Alhamisi, 5 Julai*

Dada,

Barua yako ilikuja na lori la jana asubuhi. Mpishi aliiweka jikoni, juu ya kabati, ili anipe nikitoka kazini. Nimeipata leo.

Jana alasiri walikuja watu wa ofisi moja, wanasherehekea mkubwa wao anayestaafu. Mzee mzuri, mpole, hajawahi kushika ndoana. Bosi akamkonyeza mhudumu, naye akagonga ubao. Nikavuta mara moja. Mume wangu akanijibu. Nikahesabu kama kawaida, na fimbo ya yule mzee ikapinda. Nikaruka, nikapiga kigelegele, nikapiga makofi. Wote wakasimama.

Nikavuta mara tatu, apande. Hakujibu.

Nikavuta tena. Kamba ilikuwa inakwenda. Haiji, inakwenda, inashuka kuelekea ukutani, kisha ikazunguka nguzo na kukaza mpaka mguu wangu ukabanwa kwenye ubao. Nikaona sentensi yako, Dada, ile ya kuogelea chini mtu akiamini anapanda.

Nikapiga kelele. Nilisema, "Mume wangu! Mume wangu yuko chini! Mtoeni!" Nilisema hivyo hivyo, maneno hayo hayo, si kwamba nilikosa kusema. Nikarukaruka kwa sababu kamba ilinishika, na mikono nilikuwa nayo juu.

Wakanipigia makofi.

Mmoja akasema, "Jamani msikieni huyu! Samaki amekuwa mumewe!" Wakacheka, wakaitikia, "Mtoeni! Mtoeni!" wakimhimiza yule mzee avute. Mzee naye akavuta kwa nguvu, jasho linamtoka, anacheka kama mtoto. Nikamwangalia bosi. Bosi alikuwa anajua kuna mtu chini, ila hakujua kwamba na mimi najua. Akawaambia wageni, "Ndiye mshangiliaji wetu. Hana mfano." Kisha akanisogelea na kuninong'oneza, "Inatosha sasa."

Nilimtupia trei. Nikakata kamba kwa meno, ikashindikana, nikachukua kisu cha samaki. Nikaruka. Wewe unajua sijui kuogelea.

Mpishi ndiye aliyenielewa. Alikuwa dirishani jikoni, alinisikia, naye hakuwa akiangalia samaki. Alikuja mbio na aproni yake, akazama mara ya kwanza akanipandisha mimi, maana nilikuwa karibu. Akazama tena.

Samaki alitolewa kwanza. Halafu mimi. Halafu yeye.

Mpishi alimkandamiza kifua mpaka mikono yake ikaishiwa nguvu. Hapakuwa na wageni tena. Bosi alikuwa amekwisha kuwapeleka ukumbini kupima samaki.

Sijalia. Sijui nasubiri nini. Natamani kuzungumza na sina la kusema, mimi. Mpishi amekaa mlangoni tangu jana na haniulizi kitu.

Lori la Jumamosi ndilo litakalotuleta, wote wawili kama ulivyotaka. Lakini barua hii haisubiri lori, mhudumu wa gati anakuletea leo, kwa hiyo usisubiri nyumbani. Njoo mpaka langoni. Panda mbele na dereva, au nyuma pamoja nasi, ila njoo. Siwezi kusafiri naye njia nzima nikiwa peke yangu.

Bosi amepita hapa asubuhi. Hakuingia, alisimama nje ya mlango. Amesema niseme mume wangu alikuwa anaogelea kwa starehe zake. Akasema pia wageni wameondoka salama, hawajui lolote, wanadhani niliteleza. Akaniwekea bahasha dirishani, zawadi kutoka kwa yule mzee, pamoja na salamu zake. Anashukuru sana. Anasema tangu azaliwe hajawahi kushangiliwa vile.

Mdogo wako